Dawa za dukani ukiwa mjamzito: jinsi ya kuchagua na kutumia bila kumdhuru mtoto

"Nina mimba ya wiki 11, kichwa kinanigonga, ninywe nini?" "Nilikunywa diklofenaki kabla sijajua nina mimba, mtoto amedhurika?" "Dawa ya mafua inaruhusiwa?" Maswali haya hayaishi kunijia, na mengi huja usiku, kliniki imefungwa na kidonge kiko tayari mkononi. Nimeona niyajibu kwa pamoja, kwa utaratibu ambao unaweza kuufuata hata ukiwa umechoka na unaumwa.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote. Jina kubwa la mbele ya boksi halikuambii kitu. Kinachomfikia mtoto ni kiambato, yaani ile dawa yenyewe iliyochapwa kwa maandishi madogo pembeni au nyuma, na wiki ya mimba uliyomo ndiyo inayoamua kama kinakufaa au hakikufai. Kiambato na wiki. Karibu kila kosa ninaloliona linatokana na kutokujua kimojawapo.

Majina ya dawa nimeyaandika kwa tahajia yetu. Kwenye boksi utayakuta kwa tahajia ya Kiingereza, mengi bila irabu ya mwisho: ibuprofeni itasomeka ibuprofen, diklofenaki itasomeka diclofenac. Parasetamoli itasomeka paracetamol, ila kwenye dawa za Marekani utakuta acetaminophen. Ni kitu kilekile.

Uwe na hivi kabla hujaanza

- Idadi ya wiki za mimba yako. Zinahesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, wala si siku ulipopima. Kama hukumbuki tarehe, utrasaundi ya mapema itakusaidia.
- Kadi ya kliniki, uone presha yako ilikuwa ngapi mara ya mwisho.
- Orodha ya kila unachotumia sasa: vidonge vya kuongeza damu, vitamini, dawa za hospitali, za mitishamba, hata za kuchua.
- Boksi lenyewe na karatasi ya maelezo iliyomo ndani. Vidonge vilivyofungwa kwenye kikaratasi bila jina visikuingie mdomoni.
- Kipimajoto. Kwa dawa ya maji, kikombe au kijiko kilichokuja na chupa. Kijiko cha mezani hakipimi dozi.
- Namba ya simu ya mkunga au kituo chako, iliyoandikwa mahali ambapo hata mtu mwingine nyumbani ataiona.

Hatua zenyewe

1. Hakikisha tatizo lako si la hospitali. Kichwa kinachouma sana na hakiachi, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla: hasa ukiwa umepita wiki 20, hizo ni dalili za presha ya mimba inayoweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kidonge cha maumivu kitatuliza kichwa na kuiacha presha ikipanda kimyakimya. Nenda kituoni pia ukitokwa damu au maji ukeni, mtoto akipunguza kucheza, ukikojoa kwa maumivu, ukishindwa kupumua vizuri, au joto likifika 38. Kama unaishi eneo la malaria au umetoka huko, homa hupimwa siku hiyohiyo.

2. Jaribu kwanza kisicho dawa, kama tatizo linaruhusu. Maji ya kutosha, usingizi, kula kidogokidogo, kuinua kichwa unapolala. Kichwa kinachouma mchana mara nyingi ni kiu au njaa. Usijilazimishe kuvumilia maumivu makali, lakini jipe nusu saa.

3. Geuza boksi usome kiambato. Hapa ndipo ningependa utulie. Mama mmoja mwenye mimba ya miezi mitano alinionyesha vitu vitatu alivyoanza kutumia jana yake kwa ajili ya mafua: vidonge vya maumivu, unga wa kukoroga kwenye maji ya moto, na vidonge vya mafua vya kunywa usiku. Majina matatu, rangi tatu, kampuni tatu. Tulipogeuza maboksi, yote yalikuwa na parasetamoli. Vidonge viwili vya miligramu 500 mara tatu kwa siku, hiyo ni gramu 3. Unga wenye miligramu 1,000 mara tatu, gramu 3 nyingine. Vya usiku, gramu 1. Jumla gramu 7, na kikomo cha mtu mzima kwa saa 24 ni gramu 4. Alitumwa kupimwa ini siku ileile na majibu yakaja mazuri, lakini siku mbili zaidi zingeweza kuwa habari nyingine. Mama huyu hakuwa mzembe. Aliamini kwamba majina tofauti ni dawa tofauti, na boksi la mbele halikumwambia vinginevyo.

Kwa hiyo soma kila kiambato na miligramu zake. Ukikuta viambato vitatu au vinne kwenye kidonge kimoja, rudisha. Unataka dawa ya kiambato kimoja kwa tatizo moja.

4. Linganisha kiambato na wiki zako. Viungo vya mtoto huumbika zaidi kati ya wiki ya 5 na ya 10, wakati wengine hata hawajajua kuwa wana mimba. Ndiyo maana miezi mitatu ya kwanza tunakaza kamba kuliko wakati mwingine. (Talidomidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 bila cheti cha daktari, kama dawa ya usingizi isiyo na madhara, na wajawazito wakaitumia kwa kichefuchefu. Iliondolewa sokoni huko mwishoni mwa 1961. Watoto wanaokadiriwa kuzidi 10,000 duniani walizaliwa na viungo vilivyoharibika, wengi wao mikono na miguu. Ninapomwambia mtu kuwa kuuzwa bila cheti si ushahidi wa usalama, ndicho ninachokifikiria.)

Baada ya miezi mitatu hatari haiishi, inabadilika sura. Mfano mkubwa ni ibuprofeni, diklofenaki, naprokseni na aspirini ya maumivu. Kuanzia wiki ya 20 dawa hizi zinaweza kudhoofisha figo za mtoto, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji yanayomzunguka mtoto ni mkojo wake mwenyewe, maji hupungua. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2020. Kuanzia wiki ya 30 hivi kuna la pili: karibu na moyo wa mtoto upo mshipa unaopaswa kubaki wazi mpaka azaliwe, na dawa hizi zinaweza kuufunga kabla ya wakati. Kabla ya wiki ya 20 usijinunulie pia, muulize anayekuhudumia.

Angalizo: aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 hadi 150, ni habari tofauti kabisa. Hupewa wajawazito walio kwenye hatari ya presha ya mimba. Kama umeandikiwa kliniki, usiiache kwa sababu umesoma hapa kuwa aspirini ni mbaya.

5. Taja mimba kabla ya kutaja dawa. Ukifika dirishani sema: "Nina mimba ya wiki kadhaa, nina tatizo hili, natumia dawa hizi." Ukianza na "nipe dawa ya mafua" utapewa dawa ya mafua. Tumbo dogo halionekani, na wanaotumwa dukani mara nyingi ni mume au mtoto, ambao hawasemi chochote. Ukimtuma mtu, mpe karatasi iliyoandikwa hayo.

6. Tumia dozi ndogo inayotosha, kwa siku chache, na uandike saa. Chukua karatasi: jina la kiambato, miligramu, saa. Usiku wa homa hakuna anayekumbuka kama alikunywa saa nne au saa sita.

7. Tenganisha dawa ya kiungulia na vidonge vya kuongeza damu. Dawa za kiungulia huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Acha angalau saa mbili kati yake.

Tatizo kwa tatizo

*Maumivu na homa.* Parasetamoli ndiyo chaguo la kwanza kwa mimba yote. Kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, kisha usirudie kabla ya saa 4 hadi 6, na visizidi 8 kwa saa 24. Ukiwa na uzito chini ya kilo 50 au ugonjwa wa ini, uliza dozi yako kwanza. Maumivu yakizidi siku mbili au tatu, nenda kliniki. Epuka zilizochanganywa na kafeini au aspirini. Za kuyeyusha kwenye maji zina chumvi nyingi, zaidi ya miligramu 350 za sodiamu kwa kidonge, hivyo hazimfai mwenye presha.

Najua swali linalofuata. Tangu Septemba 2025, serikali ya Marekani ilipoihusisha parasetamoli na usonji, wajawazito wengi wameogopa hata kuigusa. Shirika la Afya Duniani lilijibu siku chache baadaye kwamba hakuna ushahidi wa uhakika wa uhusiano huo. Utafiti wa Sweden uliochapishwa 2024, wa watoto takriban milioni 2.5, ulipolinganisha ndugu wa mama mmoja haukuukuta. Homa kali isiyotulizwa, kwa upande wake, ina hatari inayojulikana kwa mimba changa. Msimamo wangu ni huu: inywe unapoihitaji, kwa dozi sahihi, na usiinywe kwa mazoea.

*Kiungulia.* Dawa za kupunguza asidi zenye kalsiamu au magnesiamu, na zile za maji zenye aljineti, kwa kawaida zinafaa. Tumia baada ya kula na kabla ya kulala. Bikabonati ya sodiamu, ile ya kuumulia keki, usinywe: ina chumvi nyingi mno. Bismathi sabsalisileti nayo iache, ni ndugu wa aspirini.

*Kichefuchefu.* Tangawizi na mlo mdogo wa mara kwa mara husaidia wengi. Vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku, hutumika sana. Thibitisha dozi kliniki. Ukishindwa kubakiza hata maji, au mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito, hilo ni la hospitali.

*Mafua na kikohozi.* Maji ya chumvi ya kusafishia pua, mvuke, asali kwenye maji ya moto. Sitanii ninaposema hayo ndiyo matibabu. Mafua huisha yenyewe. Vidonge vya kuzibua pua vyenye sudoefedrini (kwenye boksi: pseudoephedrine) au fenilefrini (phenylephrine) hubana mishipa ya damu: visitumike miezi mitatu ya kwanza, wala ukiwa na presha wakati wowote, na hata nje ya hapo uliza kwanza. Soma kama sirapu ya kikohozi ina kodeini au pombe. Zote mbili ziache.

*Choo kigumu.* Mara nyingi ni vidonge vya damu. Ongeza maji, matunda na nyuzinyuzi. Maganda ya isabgoli na laktulosi kwa kawaida hufaa. Mafuta ya mbarika, au nyonyo kama wengine wanavyoyaita, hapana. Yanaweza kuamsha uchungu wa uzazi.

*Kuharisha.* ORS, kwa kiasi cha maji kilichoandikwa kwenye pakiti. Usiipunguzie maji wala kuiongezea sukari. Dawa ya kufunga tumbo usinunue bila kuuliza.

*Fangasi ukeni.* Klotrimazoli ya kuweka ukeni ndiyo inayotumika kwa wajawazito, kwa kawaida siku 6 au 7. Osha mikono, weka kwa kidole taratibu, usisukume kwa nguvu na kile kifaa cha plastiki. Flukonazoli ya kumeza usinunue. Kama ni mara ya kwanza, au kuna harufu au maumivu, pima kwanza, maana si kila muwasho ni fangasi.

*Aleji.* Loratadini na setirizini zimetumika kwa wajawazito kwa muda mrefu. Muulize mfamasia, kisha anza.

*Ngozi.* Krimu za chunusi zenye retinoidi, na za kung'arisha zenye haidrokwinoni au zebaki, weka kando mpaka ujifungue. Jeli ya kuchua yenye diklofenaki au methili salisileti hupenya ngozi. Usiifikirie kuwa haihesabiki.

*Minyoo na antibiotiki.* Dawa ya minyoo hutolewa kliniki baada ya miezi mitatu ya kwanza. Antibiotiki zilizobaki kabatini usiziguse: tetrasaiklini na doksisaiklini, kwa mfano, hubadilisha rangi ya meno ya mtoto na kuathiri mifupa yake.

*Vitamini.* Asidi ya foliki ya mikrogramu 400 ni muhimu hasa mwanzoni. Vitamini A ndiyo ya kuchunga: zaidi ya yuniti 10,000 kwa siku za retinoli zinaweza kumlemaza mtoto, kwa hiyo mafuta ya ini la samaki yaache.

Mitishamba siwezi kukupa dozi yake, na huo ndio ubaya wake: haina kiambato kilichopimwa wala wiki iliyojaribiwa. Kama unaitumia, mwambie mkunga bila kuficha. Hatakugombeza kwa ukweli, na kama atakugombeza, bado amejua.

Makosa yanayojirudia

Kurudia dawa uliyopewa mimba iliyopita, bila kuangalia wiki. Kunywa nusu kidonge cha dawa isiyofaa kwa kudhani nusu ni salama. Kuacha ghafla dawa ya kifafa, pumu, kisukari, presha au VVU mara tu kipimo cha mimba kinaposoma ndiyo: hili ni baya kuliko yote, kwa sababu degedege au pumu kali humnyima mtoto hewa. Endelea nayo, kisha mwone daktari haraka akuambie kama ibadilishwe.

Mambo yakienda kombo

*Nilikunywa dawa kabla sijajua nina mimba.* Iache sasa kama ni ya kujinunulia. Andika kiambato, dozi na tarehe, kisha mpe mkunga. Vidonge viwili vitatu vya ibuprofeni wiki za mwanzo kwa kawaida havileti madhara. Nimewaona kina mama wakilia usiku kucha kwa kidonge kimoja. Usijiadhibu kabla hujauliza. Ila kama ni isotretinoini ya chunusi au misoprostoli ya vidonda vya tumbo, nenda kliniki siku hiyohiyo.

*Nimezidisha parasetamoli.* Nenda hospitali na maboksi yote hata kama hujisikii vibaya. Ini huumia kabla dalili hazijatokea, na dawa ya kuliokoa hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8.

*Nimetapika baada ya kumeza.* Ukikiona kidonge kizima, unaweza kurudia. Usipokiona, subiri saa ya dozi inayofuata.

*Karatasi inasema isitumike kwa mjamzito, na kliniki wamenipa.* Kampuni nyingi huandika hivyo kwa tahadhari. Usiitupe wala usinywe kwa wasiwasi. Piga simu uulize kwa nini umepewa. Ukikuta herufi A, B, C, D au X zikipanga dawa kwa usalama, usiziegemee. Marekani yenyewe ilianza kuziondoa kwenye lebo mwaka 2015 kwa kuwa zilipotosha.

*Nimevimba midomo au nimetoka vipele baada ya dawa.* Acha dawa. Midomo, ulimi au kupumua vikihusika, ni dharura.

*Ni usiku, naumwa, na hakuna wa kumuuliza.* Pitia tena dalili za hatua ya 1. Ukiwa na hata moja, ondoka nyumbani sasa, usingoje kukuche. Kama huna, parasetamoli kwa dozi iliyotajwa, maji, ORS kama unaharisha, na dawa ya kiungulia ya kalsiamu vinatosha kukufikisha asubuhi. Vingine vyote vibaki kwenye boksi mpaka kliniki ifunguliwe.